Mkia wa Neno

Zuweina ana mtihani Jumapili.
Ametandaza kadi zake juu ya kitambaa changu,
cheupe, cha bibi harusi wa Mudhairib,
nami nimeshamwambia mara mbili: wino.

"Lock", asema, ni kufunga. "Unlock", kufungua.
"Fold", kunja. "Unfold", kunjua.
Hiyo "un", shangazi, inakaa mlangoni;
neno halijavua viatu, imeshalikana.

Nikacheka. Sisi, nikamwambia, hatuna pupa hiyo.
Sisi humwacha mtu akafunga kwanza,
akakaza, akapiga na fundo,
ndipo nyuma, mkiani, tunampachikia "ua":
funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua.
Fuma —
naye akanidaka, mkasi tayari mkononi mwangu —
fumua.

Basi nikajiona mwanafunzi hodari.
Lete nyingine.
Kiyoyozi kinadondoshea maji ndooni.
Soko la Jumatano, la wanawake, limefungwa tangu adhuhuri,
Ibra yote imelala ila sisi wawili na cherehani.

"Re" ni tena. "Pre" ni kabla.
"Mis" ni kombo, kama ule mkono wa kulia
nilioupachika kushoto mwaka wa kimbunga.
Kisha akanyanyua "unmarried".

Nikajibu upesi, kwa kujua:
aliyefungwa ndoa, akafunguliwa.
Kama mimi.

Akaitazama kadi, akanitazama.
Hapana, shangazi. Huyo ni wa hajaolewa kabisa.

Lakini "un" ni ileile!

Ileile. Mwalimu Rahma anasema ziko mbili,
zimevaa buibui moja:
moja hufungua kilichofungwa,
moja husema hakikufungwa hata siku moja.

Na utazijuaje?

Hilo kengele ililia kabla hajasema.

Nikakaa nalo.
Miaka kumi na minne, Sinaw, nyumba ya mlango wa chuma,
mitungi miwili ya maji, mti wa ndimu niliougombania —
haiwezi kuwa haikuwa.
Nikarudi kwetu kutafuta, kwenye Kiswahili cha mama.
Ndoa hufungwa, naam.
Ila sijasikia mtu kaifungua.
Ndoa huvunjwa. Kama sahani.
Nasi wenye mkia wa kufungulia mizigo, vizibo, mitego,
hapo mkia ulitukatikia.

Nyuma ya kadi niandike nini?

Andika "hajaolewa", nikasema. Ndivyo watakavyosahihisha.

Akaandika, akikandamiza kalamu kama baba yake.
Wino ukapenya kadi, ukatua kwenye kitambaa:
nukta ya buluu, karibu na pindo,
ndogo kuliko punje ya mtama.
Akashika mdomo.
Shangazi, utafumua?

Nikatia uzi sindanoni, mweupe juu ya mweupe.
Sikufumua.
Nikatarizi juu yake
ua.