Mmoja kwa Kumi

Karatasi ya dawa hukunjwa mara nyingi, kama barua ya siri,
na Ireneusz ameikunjua yote juu ya kaunta yangu,
akiinyoosha kwa kiganja kilichonyoosha vitambaa
miaka thelathini na mmoja, kiwandani, hapa hapa Łódź.
Nje theluji imegeuka tope. Kofia yake inadondosha maji
juu ya neno kizunguzungu.

"Mmoja kwa kumi atakohoa," anasoma.
"Zamu ya usiku tulikuwa kumi. Nawaona mpaka leo:
Kazimiera, Lucjan, yule bubu wa mashine ya saba.
Kwa nini niwe mimi?"
Anakohoa. Kikohozi kikavu, hakina kohozi wala aibu.

Vidonge ameviacha tangu Jumapili ya juzi.
Ananiambia kama mtoto aliyevunja kikombe,
kisha kama mwenye kikombe chake.

Kwa nini yeye, sijui.
Nampima. Mkanda unamkaba mkono, unasita, unamwachia:
mia moja themanini na mbili, juu ya mia na nne.

Karatasi hii, namwambia, inataja madhara ya kumeza.
Ya kutomeza hayakupata pa kuandikwa,
pengine kiboksi kingekuwa kidogo.
Baba yako alianguka akiwa na miaka mingapi?
"Hamsini na mitatu. Alikuwa anafunga kiatu."
Na kaka yako?
Anatazama tope.
Sigara?
"Nimeacha."
Lini?
"Leo asubuhi."
Na yale matango ya chumvi, ya pipani?
"Hayo usiyaguse," anasema, na tunacheka wote wawili,
yeye mpaka kikohozi kinamkata.

Damu ya baba hairudishwi dukani.
Chumvi hupunguzwa, hata kwa manung'uniko.
Na dawa ipo nyingine, binamu ya hii, haikohozi sana;
daktari ndiye wa kuibadili, nampigia sasa hivi, kaa.
Ila usiache tena kimya kimya, Ireneusz.
Presha haipigi hodi. Kimya chako ndicho mlango wake.

Anajaribu kuikunja karatasi. Haikubali mikunjo yake ya zamani,
inavimba mkononi kama shati lililopigwa pasi na mwanamume.
Anaisokomeza mfukoni hivyo hivyo.

Mlangoni anageuka.
"Hiyo mpya nayo ina karatasi?"
Inayo. Ndefu kuliko hii.
Anafikiri, theluji ikimwingilia kwenye ukosi.
"Basi kesho nakuja na miwani."