Ukuta Huzaa Ufa

Mbao mia mbili na kumi na sita
nilizipigilia kwa mikono hii, msimu mmoja wa baridi,
kwenye ukingo wa kijito cha Hollis, mashariki ya ghuba ya Chesapeake,
mbele ya nyumba mpya ya daktari wa meno.
Alitaka kuyatazama maji bila kuyakanyaga.
Alitaka nyasi fupi, za kukatwa Jumamosi.
Nikampa ukuta.
Akanipa hundi, na bia mbili.

Kando yake, waya tu katikati,
palikuwa na kinamasi cha Lavinia Tolley:
ekari nne za majani ya chumvi
ambayo hakuna aliyeyapanda, wala aliyeyakata,
yamelalia upande mmoja kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini.
Bamvua ikiingia, konokono hupanda mabua
kama wapangaji wanaohamia ghorofani,
hungoja chini pakauke, hushuka.
Na shomoro wa humo, kiota chake kiganja kimoja juu ya tope,
anajua hesabu yake:
kati ya bamvua na bamvua, makinda wawe wameruka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema kwamba ukuta nao hushika mimba.
Wangu ulijifungua mwaka wa tatu.
Ufa ulizaliwa kwa jirani.

Wimbi halizoei kukataliwa.
Zamani lilifika, likaingia majanini, likachoka, likalala.
Sasa linagonga mbao zangu
na kurudi kama mtu aliyefungiwa mlango kwao,
linazunguka pale ubao wa mwisho unapoishia
na kuuma tope la Lavinia.
Shubiri. Dhiraa. Kome wanaanguka vichane vichane.
Mizizi inaning'inia hewani,
ukili wa mkeka uliofumuka.

Hakwenda kwa wakili.
Kila Aprili alichomeka mpini wa fagio ukingoni.
Wa mwaka juzi umo majini, wa mwaka jana umeinama.
Aliniita ndani, akanimiminia kahawa.
"Wewe ulilipwa kwa futi," alisema,
"na mimi napoteza kwa futi.
Njoo tulinganishe daftari, Emory."

Sikuwa na daftari.

Na bahari inapanda, hilo halina ubishi hapa,
barabara ya kanisani hufunikwa maji hata siku ya jua.
Kinamasi kinajua kuhama. Hakina haraka,
jani kwa jani, kikipewa pa kuegemea.
Lakini nyuma yake wamemwaga lami,
maegesho ya magari kumi na mawili,
nacho kimebaki hapo
kama kidole kwenye bawaba.

Mwezi Juni nilirudi kukaza skrubu za gati la daktari.
Kobe wa maji, jike, tumbo zito kwa mayai,
alikuwa akiogelea sambamba na ukuta wangu
akitafuta mchanga.
Anagusa ubao kwa pua. Anasubiri. Anagusa unaofuata.
Nikaanza kumhesabia.

Simu ikatetemeka mfukoni:
mteja, ng'ambo ya kijito,
bila shaka anauliza bei kwa futi.

Tulikuwa tumefika sabini na tatu.
Sikutaka kupoteza hesabu.