Benchi la Tatu Kutoka Mlangoni

Ukishuka Magongo usiulize kanisa,
yapo saba. Muulize Bakari wa matairi.
Yeye si wetu, huswali ng'ambo ya barabara,
lakini njia anaijua kuliko mchungaji.
Atakuonyesha kwa spana: pale, penye bati la buluu,
ukiona viatu vya watoto vimetupwa nje, umefika.

Ibada ni saa tatu.
Saa tatu yetu ni saa tatu na dakika ishirini,
ila Mzee Mwadime wa kinanda yumo tangu saa mbili,
anapangusa vitufe kwa leso ya marehemu mkewe.
Usimsemeshe. Mwache amalize.

Mimi nitakuwa mlangoni, mshipi wa kijani begani,
na nitakupa kipande cha boksi ujipepee.
Feni zipo nne, inayozunguka moja,
na chini yake hukaa Mama Mbeyu.
Hajatokea bado wa kumtangulia.

Mavazi yasikusumbue.
Wanaotoka zamu ya usiku bandarini huja na ovaroli zao,
husinzia zaburi ikisomwa,
na hatuwaamshi mpaka sadaka.

Nyimbo tunaimba kwa Kiswahili, halafu Kigiriama,
halafu Kitaita, na Nduku wa kwaya
atachomeka Kikamba chake hata wimbo ukiwa umekwisha.
Usiyoyajua maneno, piga makofi.
Ukikosea makofi, Kahindi wa ngoma
atakufuata wewe.

Stima itakatika. Hukatika somo la pili.
Trela litapita kwenda Kipevu, kuta zitetemeke,
mhubiri atanyamaza, kidole hewani,
lipite, kisha aendelee palepale, katikati ya neno.
Adhana ya adhuhuri ikisikika kabla hajafunga Biblia
ndipo atajua amepitiliza, na sisi tutamshukuru muadhini
kimoyomoyo.

Kikapu kikikufikia huna kitu, kiguse, kipitishe.
Wahudumu hatutazami mikono.
Naongopa. Tunatazama,
lakini tukifika madhabahuni tumeshasahau.

Halafu itakuja ile saa unayoiogopa.
Katibu atakohoa, atafungua daftari:
wageni wetu, tafadhali, wasimame.

Mimi mwaka ule sikusimama.
Nilikuja na begi moja na jicho limevimba,
nikakaa benchi la tatu kutoka mlangoni
ili nipate kutoka upesi.
Akaita wageni, nikatazama sakafu.
Akaita tena, shingo zikaanza kugeuka.
Ndipo bibi mmoja kando yangu, Wakesho,
aliyebatizwa humo kabla ukuta haujapigwa plasta,
akainuka taratibu kwa magoti yake mabovu:
"Naitwa Wakesho. Mimi ni mgeni."

Kanisa likaangua kicheko.
Wakampigia makofi matatu ya wageni,
wakamwimbia wimbo wote wa kumkaribisha,
beti na beti, naye amesimama wima, anatikisa kichwa,
na mkono wake wa kushoto, chini ya kanga,
umeushika wangu.

Hakuniuliza jina. Nilimwambia mwenyewe,
ila ilikuwa karibu na Pasaka.

Kwa hiyo usiposimama, usisimame.
Katibu akiita mara ya pili, utamwona mtu akiinuka
mwenye mshipi wa kijani, mwenyeji wa miaka kumi na minne,
aseme yeye ni mgeni.
Watu watacheka. Wewe tazama sakafu tu.

Baadaye kuna chai ya tangawizi kwenye kivuli cha tangi.
Mahamri huwahiwa, watoto wa shule ya Jumapili
hawana simile.
Ukitaka kuondoka bila kuaga, mlango wa ubavuni
haufungwi, haulii,
nilizitia mafuta bawaba zake mimi mwenyewe.

Kile kipande cha boksi usinirudishie.
Mpaka stendi ni mbali, na jua la saa saba
unalijua.