Vizima

Skrini inasema sifuri.
Mawe ya bonde la Jökuldalur yanapita dirishani,
matairi yanasaga theluji,
na greda inashikilia: nimesimama.
Gia ya tatu inagoma. Thorgils anatukana kwa adabu,
kama alivyolelewa.

Hallbera yuko chini, juu ya turubai,
mafuta shingoni, baridi ya Machi mgongoni.
Kihisi cha mwendo kimebadilishwa mara mbili wiki hii:
cha kwanza pipani, cha pili pipani,
na bado sifuri.

Anakichomoa cha tatu. Ncha safi, hata chembe ya chuma haikunasa.
Mita inasoma omu mia tisa na ushei.
Anakirudisha. Anatoka, akiburuta nyaya ndefu za mita
hadi mbali na magurudumu.
"Kata kushoto! Polepole!"

Kiuno cha mashine kinapinda
na namba zinatoweka,
kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi.
Kulia, zinarudi.
Kushoto, kimya.

Injini ikizimwa anaufuata waya kwa vidole, bila glavu,
mpaka nyuma ya kibano.
Kilichoula kilikuwa nguoni mwake:
bolti moja, ikisugua kila kona, miaka,
plastiki kwanza, halafu shaba,
imebakiza unywele.

Alasiri anachakura pipa la vyuma chakavu,
anavitoa viwili, anavipangusa kwa shati lake mwenyewe,
anaandika juu ya boksi: VIZIMA.

Barabarani, Thorgils yuko gia ya nne.