Mstari wa Kumi na Tisa

Mkuu wa kitivo ameagiza ukurasa mmoja.
Profesa Irmeli Vääräniemi anastaafu Ijumaa,
na hotuba inataka tarakimu:
makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi,
majarida gani, tangu lini.
Kazi ya saa mbili, alisema, ukiwa na kahawa.

Oulu, mwezi wa Machi. Theluji ya kando ya barabara
imekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria.
Nimevua viatu chini ya meza ya maktaba
na ninahesabu.

Makala mia moja na kumi na mbili, zote za magonjwa ya wanawake.
Manukuu elfu tatu mia nne na sita.
Ukitoa alipojinukuu mwenyewe, elfu tatu na sitini;
si haba, wapo wanaojipikia na kujipakulia
hadi sufuria ikakwanguka.

Inayoongoza ni ya mwaka tisini na moja,
kuhusu homoni kwa waliokoma hedhi.
Mara mia sita na themanini!
Kwa ukaidi tu nikazifungua hamsini za mwisho.
"Tofauti na alivyodai Vääräniemi," ndivyo zinavyoanza.
"Kosa la Vääräniemi lilikuwa..."
Naye alikwisha kukiri, mwaka tisini na nane,
ukurasa mmoja na nusu, kwa jina lake,
bila kumsingizia msaidizi wala mashine.
Ukurasa huo umenukuliwa mara tatu.
Kosa lina miguu; toba hutambaa.

Ningeishia hapo. Kahawa ilikuwa imepoa.
Lakini katika wasifu wake alioupiga chapa zamani
kuna makala moja ambayo kompyuta haiijui,
ya mwaka themanini na saba, kwa Kifini,
katika jarida la wakunga wa kaskazini
lililokufa bila hata kuagwa.
Mcheza kwao hutunzwa? Huyu hakutunzwa.
Nikashuka ghala la chini na tochi.

Jedwali la pili. Wanawake ishirini na watatu
walioharibikiwa na mimba zaidi ya mara mbili.
Namba, umri, mimba, watoto,
na safu ya mwisho, ambayo jarida lenye heshima zake
lingeifuta kabla ya chai ya saa nne:
*Neno la mgonjwa.*

Wa kwanza: "Niliambiwa nisinyanyue ndoo. Sikunyanyua."
Wa saba: "Mume wangu alikipaka kile chumba rangi mara mbili."
Wa kumi na tatu hakusema kitu; pameandikwa hivyo, "Alinyamaza,"
na nukta.
Wa kumi na tisa: umri ishirini na tisa, mimba nne,
mtoto hakuna. "Hakuna aliyeniuliza ningemwitaje."

Nililisema hilo nikitazama pazia la buluu.
Alikuwa daktari kijana mwenye kalamu ya risasi iliyovunjika ncha.
Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda changu,
akauliza: Ungemwitaje?
Nikamwambia.
Jina hakuliandika. Nimelitafuta leo katika jedwali zima,
katika tanbihi, katika shukrani. Halimo.
Amelitunza au amelisahau, sijui.

Miaka thelathini tumepanda lifti moja.
Tumezungumzia barafu ya mtoni,
tairi za baiskeli, bei ya kahawa.

Naongeza mstari: makala ya mia moja na kumi na tatu.
Safu ya manukuu haikubali kubaki wazi,
na sifuri kidole changu kimeikataa.
Naandika moja.
Mashine inauliza: chanzo?

Navaa viatu.
Ofisi yake iko ghorofa ya tano.
Lifti, kama kawaida yake, haina haraka.