Daftari la Maji

Manda haina kisima kitamu.
Anzia hapo, maana uwanja ule
haukuanza na ndege, ulianza na kiu.

Daftari limeliwa na mchwa pembeni,
jalada lake kipande cha gunia la unga.
Babu mzaa mama, Shee Kupi wa Shela,
aliandika kwa herufi za Kiarabu,
kalamu ya mwanzi, wino wa masizi:
*Mfungo nne, mwaka elfu moja mia tatu na sitini.
Mayi, debe thelathini. Mawili yamemwaika kivukoni.*

Hakuandika vita.
Hakuandika Mtaliani, wala kwa nini Mzungu mmoja,
waliyempa jina la Bwana Pima,
alipita porini na kamba, akipigilia vigingi,
hata paa wakazoea harufu ya tumbaku yake.
Aliandika nani kabeba:
Somoe, mbili. Lali Mote, nne.
Mtoto wa Bwanaheri, nusu, kwa kuwa ni mdogo.

Yaliyobaki nayasoma katikati ya mistari.
Debe sitini kwa siku: hapo walizima chokaa
wakapaka mawe pande mbili,
njia iliyonyooka kuliko kitu chochote
kisiwa kile kilichowahi kukiona.
Debe kumi tu: gogo la chuma la kushindilia
lilimpanda mtu mguu, kazi ikalala.
Ramadhani, debe arobaini,
na mbele yake neno moja, *udongo*.
Watu wamefunga, udongo unakunywa.

Usiku Lamu ilizima taa kwa amri.
Kina mama walitundika kaniki madirishani,
mwadhini akapanda ngazi kwa kupapasa.
Ng'ambo, uwanja ulilala wazi chini ya mwezi
kama sanda iliyotandikwa
kabla hajafa mtu.

Ndege zilizotua, kwa hesabu ya babu, ni tatu.
Ya kwanza ilileta barua
na kasha la vitunguu vilivyooza.
Ya pili ilimchukua Bwana Pima na homa yake,
hakurudi, wala kamba yake haikuulizwa.
Ya tatu ina doa ukurasani.
Kijana alishuka, bawa limetoboka,
lugha yake hakuna aliyeijua.
Ni wa jeshi la nani? Hakuna aliyeuliza.
Somoe alimpa kata.
Alikunywa, akaweka mkono kifuani,
akaketi kivulini mwa bawa hadi magharibi.
Babu alianza: *debe moj*
akakata, akaandika pembeni:
*Mayi ya mgeni hayaandikwi.*

Vita vilipokwisha alikwenda kwa Bwana Shauri
na jumla yake, debe elfu kumi, mia mbili na saba,
senti mbili kila debe.
Alirudi na karatasi yenye muhuri: *Itafikiriwa.*
Tunayo bado, imekunjwa mara nne,
mikunjo imetoboka.

Mwaka jana nilimsindikiza mama uwanjani,
anakwenda Nairobi kutibiwa jicho.
Jua la saa saba, ndege imechelewa.
Aliomba maji.
Muuzaji akampa chupa ndogo: "Mia, mama."
Mama alicheka mpaka abiria wakageuka,
akacheka hata machozi yakatoka
kwa lile jicho zima na lile bovu pia.
Nikalipa. Akanywa.
Kisha, akipangusa mdomo kwa ncha ya mtandio:
"Andika," akaniambia. "Chupa moja."