Ruka Hapa

Akida haanguki. Akida hujitupa,
toka juu ya cherehani, toka dirishani,
toka tangi la maji la Bi Mwanahamisi,
mgongo kwanza, sakafu ikilia badala yake.

Ngamiani nzima, Barabara ya Kumi na Moja, ilinishauri:
mfunge. Mchape. Mpeleke kwa fulani, Pongwe.
Nikaifuata ya mwisho, nikarudi na hirizi.
Akaitafuna.

Usiku mmoja nilimkumbatia kwa nguvu, kwa hasira hasa,
akatulia. Akaivuta mikono yangu ibane zaidi.
Kumbe alikuwa akiutafuta mwili wake,
kama mtu apapasaye ukuta umeme ukikatika.

Mimi fundi magodoro. Nikachambua usumba,
nikashona moja nene, lisilo la kuuza,
nikalitandaza mbali na kuta, mbali na misumari.
Sikusema usiruke. Nililipiga kofi: "Hapa."

Siku tisa akaruka kando.

Leo mteja kauliza bei ya lile la katikati.
Kabla sijajibu, Akida kaja mbio, kapaa,
katua, puh! vumbi la makumbi likapanda juani,
naye, asiyesema, akalipiga godoro kofi
akinitazama:
hapa.